Mbele ya Jiwe

Jumapili, baada ya chai ya asubuhi

Kwako Kaka mpendwa,

Shikamoo. Pole na kazi, pole na baridi, na pole na zamu ambazo wifi ameniambia zimeongezwa tena bila kuulizwa mtu. Magoti yako je? Ulisema daktari wa hapo kazini kwenu amekukataza kuinama, nikacheka peke yangu, maana muuguzi asiyeinama itabidi aogeshe wagonjwa kwa ufagio mrefu. Wanangu hawajambo? Yule mkubwa bado anachora magari ukutani? Mwambie shangazi yake ndivyo alivyoanza, na alichapwa, na hakukoma.

Kuhusu sisi, ningependa kukuandikia kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba huku tu wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwako tu uliye mbali. Safari hii mambo yamegeuka. Uliye mbali ndiye uliye salama, hofu na mashaka tunayo sisi. Baba mwili wake ni mzima, anakula, anacheka, redio yake anaifungulia mpaka betri zinaomba msamaha. Lakini nyumba niliyomjengea inateremka kilimani, Kaka, naye yumo ndani na hataki kutoka. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye karatasi nne na zote nikazichana. Haipambiki. Naomba usome polepole mpaka mwisho.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara tatu wiki hii, na kila ukipokea nakuuliza habari za magoti. Kwenye simu sauti yangu imeshazoea kukwambia mambo ni shwari, inakwenda yenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya kisimani. Kwenye karatasi angalau naona ninachokisema.

Nianzie pale ulipoishia wewe. Unakumbuka macho ya Baba yalivyozimika kwa presha, tukakubaliana aje akae kwangu mjini. Ghorofa ya nne, vyumba viwili, kochi moja. Alikaa kwenye kochi hilo miaka miwili. Alizihesabu ngazi, akaniambia ni themanini na mbili, na kwamba nyumba ambayo huwezi kutoka mpaka uombe mkono wa mtu si nyumba, ni jela yenye zulia. Wewe ndiye uliyesema arudishwe kwenye kiwanja cha familia kule kilimani, ajengewe nyumba ya maana, kwa sababu ni aibu familia kuwa na msanifu majengo huku mzee wake anahesabu ngazi za watu. Siku tunamfungia mizigo ulikuwa kwenye simu, ukanisikia nikimwapia kwamba hakuna mtu atakayemhamisha tena kwa nguvu.

Nilifurahi mno kupewa kazi ile. Miaka kumi na tano nimekuwa nikiwachorea watu wanaotaka nguzo za ikulu kwenye kiwanja kisichotosha kugeuza baiskeli. Leo naambiwa hiki hapa kilima, hii hapa miti, lile pale jiwe, chora. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Baba aliweka sharti moja tu. Alikuwa kwenye kochi, mimi namsomea maswali yangu, vyumba vingapi, jiko likae wapi, angependa kusikia nini akiamka. Akanikatiza. Akasema nyumba ikae mbele ya jiwe, hayo mengine nifanye nitakavyo, asiyeona hachagui rangi. Akanyoosha mkono kunionyesha, akaelekeza kabati la televisheni. Nikaandika kwenye daftari, mbele ya jiwe, nikapigia mstari mara mbili.

Jiwe unalijua, lile kubwa kuliko nyumba tuliyozaliwa. Njia ya kutoka barabarani inapanda mpaka pale, inalizunguka, inaendelea juu hadi kwenye ule uwanda mkavu tulipokuwa tukicheza mpira. Upande wa chini wa jiwe, unaotazama bonde, nyasi ni za kijani hata kiangazi kinapotoa roho. Nilikwenda na kiti cha kukunja nikakaa pale siku sita, naandika jua linapita wapi na upepo unatokea wapi. Miti kumi na mmoja niliipima mmoja mmoja na sikukata hata mmoja. Mti mmoja unapita katikati ya kibaraza, nimeuachia tundu kwenye sakafu. Nyumba yenyewe nikaiegemeza kwenye jiwe, likawa ndilo ukuta wa nyuma wa sebule, tupu, bila plasta wala rangi. Upande wa bonde ni kioo kitupu. Paa ni la zege, tambarare, juu yake udongo na nyasi, na kifusi cha msingi hatukukitupa, tulikimwaga upande wa juu wa jiwe tukapanda nyasi pia, ili mteremko uungane na paa na mtu akisimama juu asione nyumba. Majirani walisema mbuzi watapanda. Wiki ya pili mbuzi akapanda kweli, akala robo ya paa langu, na mwenye mbuzi akaja kuomba radhi huku machozi ya kicheko yanamtoka.

Ndani nilimwekea Baba ubao wa kushikia, unaopita ukutani kwa kimo cha mkono wake kuanzia kitandani mpaka kibarazani. Penye choo una pengo moja, penye jiko mapengo mawili, penye mlango wa nje matatu. Hahitaji mkono wa mtu. Ubao huo ndicho kitu pekee katika nyumba ile ambacho mpaka leo sikionei haya.

Mchoro wangu ulitundikwa kwenye ukumbi wa chama chetu cha wasanifu kabla msingi haujachimbwa. Nilikuwa na msemo, umeusikia mpaka ukachoka, kwamba nyumba isigombane na mahali pake. Wakubwa wa fani walisimama mbele ya mchoro wamekunja mikono, na mmoja ambaye hasifii hata watoto wake akasema huyu binti ameisikiliza ardhi. Kaka, neno lile lilinilevya kuliko pombe. Nilitembea nalo mwaka mzima.

Aliyesimamia ujenzi ni Fundi Timazi, yule mzee anayevaa timazi yake, ile kamba yenye risasi ya kupimia ukuta kama umesimama wima, shingoni kama mkufu na kusema jicho hudanganya, kamba haidanganyi. Siku ya tatu ya kuchimba msingi tulikuta maji shimoni. Siku hiyo nitairudia huko chini, maana ina mambo yake. Kwa sasa ujue tu kwamba tulileta pampu, tukalaza bomba la kuyatoa maji, tukamwaga zege, na nyumba ikasimama.

Miezi saba Baba aliishi humo kwa raha ambayo sijamwona nayo tangu Mama alipotutoka. Jirani mmoja anakuja kumpikia na kumfulia. Yeye asubuhi anafuata ubao wake mpaka kibarazani, anauegemea mti, anawasalimia wapita njia kwa kuwatambua mwendo. Kila mgeni anaambiwa kwamba nyumba hii ameichora binti yake wa mwisho. Mgeni akikaa kimya kidogo, anaambiwa tena.

Kisha mlango wa choo ukagoma kufunga. Baba akasema mbao zimevimba. Nikaleta seremala akauranda, baada ya wiki mbili ukagoma tena, safari hii kwa juu. Nyuma ya kabati la nguo nikakuta ufa, mwembamba kama uzi. Leo kidole changu cha mwisho kinaingia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ule ufa nimeuziba mara tatu na ukuta bado unanidai.

Nikamwita mhandisi mmoja niliyesoma naye, mtu mpole, anaongea kama anayehesabu. Alibandika vipande saba vyembamba vya kioo juu ya nyufa, akasema kioo hakinyumbuki, kikivunjika ujue nyumba imesogea. Ndani ya siku kumi vilivunjika vitano. Baba alivisikia vikilia, akauliza ni mjusi gani huyu anayetafuna glasi. Nikamwambia zege jipya ndivyo linavyokauka.

Mhandisi alichimba vishimo vyake pembeni, akapima, akaniketisha kwenye ngazi ya nje. Alisema chini ya jiwe kuna chemchemi, na inatokea upande huu huu tuliojenga. Zile nyasi za kijani nilizozipenda ndizo zilizokuwa zikinieleza. Udongo wa pale umelala juu ya mwamba kama sabuni juu ya sahani, nami nimeuwekea nyumba ya zege yenye bustani kichwani, na mgongoni nimeusukumia kifusi. Mvua zikianza, itakwenda. Inaweza kwenda taratibu, inaweza kwenda mara moja. Nilimuuliza kuhusu nguzo, kuhusu ukuta wa kuzuia, kuhusu kupunguza udongo wa paa na kukizoa kile kifusi. Kwa kila nilichotaja alitikisa kichwa. Alisema jembe lisiguse popote upande wa juu, kwa sababu hajui ni koleo la ngapi litakaloiachia. Alisema kazi iliyobaki ni moja, kumtoa mzee. Mvua tunazitarajia baada ya wiki tatu, na mawingu ya mashariki yameshaanza kujipanga.

Basi nikaanza kumtoa mzee. Kwanza nilimwambia kuna kliniki nzuri ya macho mjini. Akaniuliza macho yapi. Nikamwambia nina upweke, aje anikalie mwezi mmoja. Akasema mlango wake uko wazi, nije mimi. Nikaja na gari na vijana wawili wa mtaani wenye heshima zao, wamwombe kwa upole. Aliushika ubao niliomtengenezea mwenyewe, kwa mikono miwili, akauliza kama kile kiapo nilichoapa siku ya kufunga mizigo kilikuwa cha maigizo. Wale vijana wakatazama viatu vyao. Nilikwenda mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akanisikiliza vizuri tu, kisha akaniuliza mzee mwenye akili timamu, anayekaa kwenye nyumba yake, amkamate kwa kosa gani.

Mwisho nikamweleza Baba maneno ya mhandisi, yote, chemchemi na sabuni na sahani. Hakukasirika. Alisema mhandisi wangu ni kijana wa watu, hakijui kilima hiki. Akanieleza kama anayemweleza mtoto kwamba chemchemi ipo, ndiyo, na iko chini ya jiwe, upande wa bonde, ambako ng'ombe wa babu walikuwa wakizama miguu. Ndiyo sababu alisema nyumba ikae mbele ya jiwe. Huko mbele udongo ni mgumu, babu alipotaka kuchimba choo alivunja majembe mawili akaghairi. Chini kukiporomoka kutaporomoka chini, alisema, sisi tuko mbele.

Kaka, hapa ndipo kalamu inaponigomea. Hatuko mbele. Nyumba iko chini ya jiwe, mahali pale pale ng'ombe walipokuwa wakizama.

Baba aliposema mbele ya jiwe alikuwa anaipanda njia kichwani mwake. Anayepanda akifika penye jiwe, akilipita, yuko mbele ya jiwe. Ndivyo wanavyosema wote wa rika lake, na sisi pia tukimwelekeza mtu tunamwambia duka liko mbele ya shule, maana yake aipite shule. Lakini mimi nilikuwa na daftari la msanifu. Kwangu jiwe lina uso na mgongo kama nyumba, uso wake unatazama bonde, kwa hiyo mbele yake ni bondeni. Neno lile moja, kila mtu akabaki na mbele yake. Ningemuuliza tu mbele ipi, yasingekuwapo haya, na mimi ambaye nalipwa kwa kuuliza watu wanataka nini sikuuliza.

Ingekuwa ni kosa la kutoelewa, ningekuandikia bila kutetemeka. Mtu hakosi kukosea. Sasa naomba nikueleze ile siku ya maji shimoni.

Fundi Timazi alipanda kutoka shimoni suruali imelowa mpaka magotini, akanivuta pembeni vibarua wasisikie. Aliniuliza kama mzee amebadilisha mawazo. Alisema yeye aliwahi kumsikia Baba akizungumzia nyumba hiyo miaka mingi iliyopita, macho yake yakiwa mazima, na alisema mbele ya jiwe, nasi tunachimba nyuma yake. Nikamuuliza mbele ni wapi. Akaonyesha juu kwa kidevu, kwenye uwanda mkavu. Nilielewa pale pale, Kaka. Sikuhitaji kurudia swali.  Shimo lilikuwa halijapita magoti, palikuwa na vigingi na kamba tu, wiki moja ingetosha kuhamisha kila kitu.

Nikamwambia kwamba mimi na Baba tumeshazungumza, na kwamba mchoro ndio sheria. Alinitazama, akaishika timazi yake, akasema sawa mama, wewe ndiye uliyesoma. Akateremka tena shimoni.

Unataka kujua kwa nini. Nami nimejiuliza mpaka nimejichosha. Kule juu hakuna jiwe la kuegemea. Hakuna mti wa kupita kibarazani. Pana ardhi ngumu, tambarare, na jua, na juu yake ningejenga nyumba ya kawaida yenye kuta nne na bati, nzuri kwa mzee asiyeona, isiyomfanya mtu yeyote akunje mikono na kutikisa kichwa. Niliupenda mchoro ule kuliko nilivyompenda yule aliyeomba nyumba. Hilo ndilo jibu na nimeona haya kuliandika.

Bado sijamaliza. Wiki ya kwanza alipohamia, Baba alikwenda kwenye ule ukuta wa jiwe sebuleni akaanza kuupapasa kwa viganja vyote viwili, juu, chini, kushoto, kulia, kama anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya kigeni. Nilijua anatafuta nini kabla hajasema. Ni zile alama za kunolea mapanga, unazikumbuka, mistari mirefu iliyochimbika, ambayo babu na ndugu zake waliinolea mpaka jiwe likala. Ziko upande wa juu wa jiwe, chini ya kifusi changu na nyasi zangu. Akaniuliza zimekwenda wapi. Nikamjibu kwamba fundi alilisugua jiwe liwe laini asijikwaruze.  Akasema si kitu, ila zilikuwa za baba yake.

Nilijua atamuuliza na Timazi, basi nikawahi kumpanga Timazi. Alipokuja kumsalimia, Baba akamuuliza, na yule mzee aliyeapa kwamba kamba haidanganyi akaitikia kwamba ndiyo, tulisugua, macho yake yako sakafuni. Baba alipouliza mbona upepo wa bonde unampiga usoni ilhali alitarajia jiwe limkinge, nikamwambia nimebuni dirisha linalogeuza upepo. Akafurahi mno. Alilisimulia dirisha hilo kwa majirani wote, na mpaka leo kuna watu wanaomba niwawekee. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mbali sana, na ningefurahi ingekatika mapema.

Juzi nilimwambia ukweli. Nilizima redio, nikakaa chini sakafuni miguuni pake, nikaeleza neno, mchoro, shimo, Timazi, alama, dirisha, kila kitu kama nilivyokueleza wewe. Nililia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, Kaka, polepole, akanipigapiga begani. Alisema anamjua mtoto anayetaka kumrudisha baba yake kwenye ghorofa, kwamba atasema lolote, hata kuichafua kazi ya mikono yake mwenyewe. Alisema alama zilisuguliwa, mimi nilimwambia, na fundi akathibitisha. Akaniuliza, bila hasira hata kidogo, watu wazima wawili wamdanganye kipofu kuhusu jiwe kwa faida gani. 

Nilimpigia Timazi, nikaweka sauti kubwa. Timazi aliungama mpaka akakwama. Baba alimpa pole, akamwambia anaelewa, fundi humfuata tajiri wake, na kama nimempanga leo basi asione vibaya. Jirani anayempikia alipothibitisha, naye akaambiwa nimempanga. Nikamwomba Baba aje nje nimshikishe upande wa juu wa jiwe, kisha nikakumbuka kwamba hakuna cha kushika, ni udongo na nyasi, na jembe limekatazwa. Uongo wangu niliujenga vizuri kuliko nyumba, hauna ufa hata mmoja. Alidhani nimekubali kushindwa, akaniambia nimfungulie redio asipitwe na taarifa.

Baadaye alisema jambo moja ambalo ndilo sababu ya barua hii. Alisema kuna mtu mmoja ambaye hajawahi kumwambia uongo tangu azaliwe, hata alipovunja kioo cha mwalimu, naye ni wewe. Ukija ukasimama kwenye kibaraza kwa miguu yako, ukamwambia nyumba iko chini ya jiwe, atatoka siku hiyo hiyo bila viatu. Nilimwambia naweza kukupigia simu sasa hivi. Akasema hapana, kwenye simu utasema niliyokueleza mimi, kwa sababu nyumba hujaiona.

Najua likizo yako ni baada ya miezi miwili. Najua uliniambia kwamba ukiondoka kabla mkataba haujaisha hawakurudishi, na kwamba wifi na watoto wanakula kwenye mkataba huo. Sikuombi uje. Siwezi kukuomba usije. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikitafuta niandike nini mahali hapa ambapo mtu huandika haja yake, na sipati. Sina mbele wala nyuma, Kaka. Unihukumu utakavyo, lakini kwanza unisaidie kufikiri.

Kazini nimeomba ruhusa isiyo na tarehe ya kurudi. Jana nimehamia hapa na godoro, nimelilaza upande wa ufa, kati ya ukuta na kitanda chake. Nilimwambia Baba nimekuja kwa sababu mjini nina upweke. Hilo aliliamini mara moja, akasogeza mito yake kunipa nafasi.

Nisalimie wifi sana, nimepata ile picha ya watoto, nimeiweka kwenye mkoba wala siyo ukutani. Wape wanangu busu kila mmoja na yule mchoraji umwongezee moja. Magoti uyaangalie. Jirani anayempikia Baba anakusalimu. Yeye nimemwomba awe anaacha chakula barabarani, nakifuata mwenyewe.

Baba yuko kibarazani, ameniuliza naandika nini, nikamwambia ni barua kwako. Amesema niandike kwamba anakusalimu mno, usiwe na wasiwasi wowote juu yake, kwamba nyumba ni imara, na kwamba sasa hivi yuko na mwanawe mmoja chini ya paa moja, kilichobaki ni wewe tu. Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba